Kufundisha Habari za Nyota Zilizofichika

Aghalabu watoto hudhani kwamba kisichoonekana kwa macho hakiwezi kujulikana. Somo hili, lifaalo madarasa ya juu ya shule ya msingi, lakusudia kuiondoa dhana hiyo.

Vifaa: Sufuria mbili zenye masizi, maji yaliyochemka, vifuniko, na kipande cha kadibodi.

Hatua ya Kwanza. Mwanafunzi afumbe macho na kuweka kiganja ubavuni mwa sufuria bila kuigusa. Asikiweke juu yake, asije akadhani kwamba ahisicho ni hewa moto ipandayo. Kisha ingiza kadibodi katikati: joto hukatika mara moja. Uliza, “Ni nini kilichozuiwa?” Wakisha kujibu, ndipo utaje jina: miale ya infraredi. Ni mwanga usioonekana, aliougundua William Herschel mwaka 1800 kwa kuweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliotawanywa.

Hatua ya Pili. Eleza kwamba nebula ya Orion, iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300, ni wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Vumbi huzuia mwanga wa kawaida. Infraredi, yenye mawimbi marefu zaidi, hupenya. Mwaka 1967 Eric Becklin na Gerry Neugebauer walitangaza kwamba wamegundua huko nyota changa isiyoonekana kwa mwanga wa kawaida.

Hatua ya Tatu. Weka sufuria mbili pamoja. Aliyefumba macho atahisi joto, lakini hatajua kama sufuria ni moja au mbili. Kuhisi si kupata picha. Mawimbi yakiwa marefu, kioo cha darubini hakina budi kuwa kipana ili kitenganishe nyota zilizokaribiana. Ndiyo maana darubini ya James Webb, iliyorushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo chenye upana wa meta 6.5.

Tahadhari. Rangi za picha hizo huchaguliwa na wataalamu. Usiwaambie watoto kwamba ndivyo nyota zionekanavyo.

Zoezi. Kila mwanafunzi aandike alichohisi, kilichokizuia, na alilolitambua. Msahihishe kwa hoja zake, wala si kwa kukariri neno “infraredi”.