Vitabu vya Kumsaidia Mtoto Mwenye Saratani na Watu wa Nyumbani Mwake

Mtoto akilazwa hospitali kwa maradhi ya saratani, ndugu na majirani humletea machungwa na mkate na nguo. Ni vyema. Lakini ni mara chache aletewe kitabu, na kikiletwa huwa ni cha kumpitishia saa tu. Mwezi huu twataka kusema habari ya vitabu vya namna nyingine, yaani vile vya kumweleza mtoto ugonjwa wake na kuwawezesha wazazi na ndugu zake kusema naye. Maana katika nyumba yenye mgonjwa kama huyu, shida kubwa baada ya maumivu yenyewe ni kunyamaza.

Wakubwa hunyamaza kwa upendo. Husema, "Bado ni mdogo, tusimtie hofu." Neno hili lilichunguzwa na bibi mmoja wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, mtaalamu wa desturi za watu, aliyeshinda siku nyingi hospitalini pamoja na watoto wadogo wenye saratani ya damu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1978. Aliona ya kuwa watoto wale waliijua hali yao, hata kwamba watakufa, ijapokuwa hapana mtu aliyewaambia. Walijifunza kwa kuwatazama wazazi, kwa kusikiliza maneno ya madaktari, na kwa kuulizana wao kwa wao. Tena walifahamu ya kuwa wakubwa hawapendi jambo hilo litajwe, basi wakajifanya hawajui. Hivyo mzazi amficha mtoto, mtoto naye amficha mzazi, na kila mmoja abaki peke yake na hofu yake. Kitabu hiki ni cha watu wazima. Nasi twadhani kila azoeaye kuwazuru wagonjwa apaswa kujua habari zake kabla hajamshauri mzazi anyamaze.

Tukiisha kulijua hilo, twaweza kuchagua vitabu vya watoto wenyewe. Kitabu kifaacho hutaja ugonjwa kwa jina lake. Mfano mwema ni Why, Charlie Brown, Why? cha Charles Schulz, mchoraji wa Marekani, kilichotoka mwaka 1990. Hadithi hiyo ilionyeshwa katika televisheni mwaka ule ule. Msichana aitwaye Janice aanza kuugua akiwa shuleni, kisha aonekana kuwa ana saratani ya damu. Rafiki yake Linus amwendea hospitalini, na msichana mwenyewe amweleza habari za vipimo na dawa. Nywele zake zanyonyoka, na mvulana mmoja amdhihaki. Lucy, dada yake Linus, aogopa maradhi yale yasije yakaambukiza. Ndugu yake Janice naye anung'unika, maana macho ya watu wote yamemwelekea mgonjwa. Mwisho nywele zaota tena.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa sababu hofu za hadithi hii twazikuta hata kwetu. Saratani haiambukizi. Wenzake waweza kuketi naye na kumshika mkono. Aliye hatarini ni mgonjwa, kwa maana dawa zake hupunguza nguvu za mwili za kushindana na magonjwa mengine. Kwa hiyo mwenye kikohozi au homa ndiye asimkaribie. Na ndugu wadogo wa mgonjwa yafaa wasomewe hadithi hiyo pamoja naye. Pengine mmoja wao aliwahi kugombana naye, akamwambia neno baya, na sasa adhani neno lile ndilo lililomwuguza. Hataliungama kamwe asipoulizwa. Wala mwalimu wa kanisa asikubali kando ya kitanda kile watu waseme kwamba hii ni adhabu ya kosa la mtoto au la wazazi wake.

Si kila kitabu chenye mtoto mgonjwa ndani yake chafaa kupewa mgonjwa. Kitabu cha Eleanor Coerr cha mwaka 1977 chasimulia habari za Sadako Sasaki wa Hiroshima, aliyekuwa na miaka 2 bomu lilipoangushwa mwaka 1945, akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955, akiwa akikunja ndege wa karatasi kwa tumaini la kupona. Ni kitabu kizuri kwa wanafunzi shuleni. Lakini mtoto aliyeanza dawa jana, mwenye kila sababu ya kutumaini, akikisoma peke yake ataona ya kuwa mwisho wake ni ule ule. Msomaji mzima na akisome kwanza mpaka mwisho.

Na mtoto akiuliza habari za kufa? Mwaka 1978 mvulana wa miaka 9 aitwaye Dougy, mwenye uvimbe katika ubongo, alimwandikia daktari Elisabeth Kübler-Ross akiuliza maisha ni nini, mauti ni nini, na kwa nini watoto hufa. Daktari alimjibu kwa barua yenye picha za rangi, ambayo baadaye ilipigwa chapa. Twapenda jambo hili, ya kuwa jibu lilikuja baada ya swali. Mtoto asiyeuliza asisukumwe.

Kwa wazazi, kitabu cha Nancy Keene cha saratani ya damu ya watoto, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997, kina mashauri mengi ya wazazi waliopita njia ile. Ila atazame mwaka wa chapa, kwa kuwa dawa hubadilika. Maarifa ya wazazi si jambo dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kuwa katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 hupona saratani, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu ni nyingi: kuchelewa, kukosa dawa, na pia kuacha matibabu katikati. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliueleza mwaka 1958, hupungua upesi kwa dawa. Mzazi akiona shavu limerudi hali yake, hufunga mizigo arudi shambani, kumbe ugonjwa ungali mwilini. Saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto hutibiwa miaka 2 au 3, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto huonekana mzima.

Vitabu tulivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, na vijijini ni vigumu kupatikana. Ajuaye lugha hiyo aweza kusimulia hadithi kwa Kiswahili. Au nyumba na itengeneze kitabu chake katika daftari la shule: jina la ugonjwa, jina la muuguzi, siku za dawa zilizopita na zilizobaki, na picha atakazochora mtoto. Kurasa chache ziachwe tupu kwa maswali yake, naye daktari ajapo asomewe. Kalamu ya risasi yafaa kuliko ya wino, kwani huandikwa kitandani.