Gofu: Punguza Mikwaju Kabla ya Kutafuta Nguvu

Mchezaji wa gofu wa ridhaa anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 105 mara nyingi huamini kwamba tatizo lake ni nguvu. Hesabu inasema vingine. Kwenye uwanja wa kiwango cha mikwaju 72, anayezidisha mkwaju mmoja kila shimo humaliza na 90. Anayezidisha mmoja kwenye mashimo 9 na miwili kwenye 9 yaliyobaki hupata 99. Mtu anaweza basi kushuka chini ya 100 bila kucheza hata shimo moja kwa kiwango chake. Kinachomwangusha ni yale mashimo mawili matatu anayoandika 8 au 9.

Jua mikwaju inakopotelea

Pembeni mwa kadi yako andika mambo matatu: mikwaju ya adhabu, mikwaju ya kusukuma kwenye grini, na mara ulizokuwa karibu na grini ukashindwa kuipanda kwa mkwaju mmoja. Baada ya raundi chache utajua uanze kurekebisha wapi.

Mkwaju wa kwanza

Mpira ukitoka nje ya mpaka, unaongezewa adhabu na kurudi ulipopigia, hivyo unaofuata ni mkwaju wa tatu. Shimo likiwa jembamba, acha draiva begini na utumie fimbo unayoiamini. Ukihisi mpira umepotea, tangaza na upige wa akiba kabla hujaenda kuutafuta. Tangu 2019 kanuni zinaruhusu dakika 3 tu za kutafuta.

Ukiingia vichakani, toka

Usijaribu kupenyeza mpira katikati ya miti. Upige pembeni, urudi kwenye majani mafupi. Kama haupigiki kabisa, na haumo ndani ya eneo la adhabu kama bwawa au mto, kubali mkwaju mmoja wa adhabu na uudondoshe ndani ya urefu wa fimbo mbili, bila kusogea karibu na shimo. Mkwaju mmoja unaoujua ni nafuu kuliko mitatu ya kubahatisha.

Chagua fimbo kwa umbali wako wa kawaida

Wengi huchagua fimbo kwa kukumbuka ule mkwaju bora waliowahi kupiga, kisha mpira unaanguka kabla ya kufika. Tumia umbali unaoupata mara nyingi na ulenge katikati ya grini, hata bendera ikiwa ukingoni karibu na shimo la mchanga. Zingatia pia mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi. Mchezaji wa huko anayeshuka kucheza Mombasa au Dar es Salaam achague fimbo inayopiga mbali zaidi.

Karibu na grini

Kama hakuna kizuizi mbele yako, viringisha mpira badala ya kuurusha juu. Kwenye mchanga, lengo la kwanza ni kutoka: fungua uso wa fimbo, piga mchanga kidogo nyuma ya mpira, na usisimamishe mikono katikati ya mkwaju.

Kusukuma

Hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani hutumbukiza takriban nusu tu ya mipira ya umbali wa mita 2.4. Kwa hiyo ukiwa mita 10, kazi yako ni kuufikisha mpira karibu ili wa pili uwe rahisi. Fanya mazoezi ya umbali mrefu kupima nguvu, na ya mita 1 kujenga uhakika. Kabla ya raundi, sukuma mipira kadhaa kwenye grini ya mazoezi ili ujue kasi ya siku hiyo.

Katika raundi ijayo, usijiwekee lengo la alama. Lenga kumaliza bila shimo hata moja lililozidi kiwango kwa zaidi ya mikwaju miwili. Ukifanikiwa, alama zitashuka zenyewe.