Dondoo Muhimu: Tochi ya Bunduki ya Nyumbani

Umeme ukikatika usiku mtaani Chumbageni, Tanga, mwenye shotigani yenye kibali anahitaji kwanza kumtambua aliye mbele yake. Huenda ni mwanawe aliyechelewa kurudi. Ndiyo maana nasisitiza: nunua tochi ya mkononi kabla ya ile ya kufunga kwenye bunduki. Tochi ya bunduki inapomulika, mtutu nao unaelekea huko huko. Usiitumie kamwe kumtafuta mtu.

Chagua ya LED, kwani balbu ya uzi hukatika kwa mshtuko wa risasi za geji 12. Ndani ya nyumba, lumeni 300 hadi 500 zinatosha. Zikizidi, kuta za chokaa hukurudishia mwanga mkali machoni.

Adui mkubwa wa pwani ni chumvi. Kuanzia Raskazone hadi Pangani, skrubu za chuma cha kawaida huota kutu upesi. Tafuta mwili wa alumini, skrubu zisizoshika kutu na alama ya IP67, yaani tochi huhimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kagua betri kila mwezi. Za bei rahisi huvuja na kula miguso ya shaba.

Kabla ya kufunga, ondoa risasi zote, ukague chemba mara mbili. Kama bunduki hukunjika katikati, kibano cha tochi kisizuie bawaba. Swichi ikae mbali na kifyatulio. Na uwaulize kwanza polisi wanaosimamia kibali chako, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015.