Kutoka Mabenchi hadi Jumuiya: Bunge la Mwananchi la Bustani ya Jeevanjee kwa Mtazamo wa Fasihi Simulizi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mazungumzo ya watu wachache katika Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, yalivyokua na kuwa jumuiya iliyopata kujulikana kama Bunge la Mwananchi. Uchunguzi unaongozwa na mtazamo wa M. M. Mulokozi unaoiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wake. Kituo cha Kamirithu, Limuru, kinatumiwa kama kielelezo cha ulinganishi.

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi nchini Kenya huelekea mashambani takriban kila mara. Huko huwatafuta wazee, hurekodi ngano, nyimbo na methali, kisha hurejea chuoni akiamini kuwa ameiokoa hazina. Njiani humpita mlumbi wa mjini bila kumtazama. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, huhitaji dakika chache tu kwa miguu kutoka Bewa Kuu hadi Jeevanjee, lakini ni nadra kukuta tasnifu ya Kiswahili iliyotokana na mabenchi ya bustani hiyo.

Neno baraza lenyewe linastahili kutupiwa jicho. Katika miji ya Waswahili, Lamu, Mombasa na Unguja, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba. Wapita njia hukaribishwa hapo, kahawa hunywewa na habari hupimwa. Maana ya mkutano ilizaliwa na kikalio hicho. Utawala wa kikoloni ulipolichukua neno hili na kulipeleka bara, uliligeuza. Katika sehemu nyingi za Kenya baraza likawa mkusanyiko wa chifu, ambapo watu huitwa wakaelezwa yaliyokwisha kuamuliwa. Basi Mkenya wa bara amelirithi neno la mazungumzo likiwa na maana ya kusikiliza tu. Kilichofanyika Jeevanjee kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni kulirudisha neno hilo kwenye kikalio chake, ijapokuwa wahusika walichagua kuliita bunge.

Mulokozi anataja mambo yanayoingiliana katika tukio la fasihi simulizi: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Si lazima yote yapewe uzito sawa hapa. Kwa suala la kukua kwa kikao, mahali na hadhira ndiyo yenye mengi ya kusema.

Mahali na wakati

Bustani ya Jeevanjee imezungukwa na Moi Avenue, Muindi Mbingu, Moktar Daddah na Monrovia. Ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na ambaye baadaye alikuwa Mwasia wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga ardhi hiyo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza kampeni ya kuupinga, na bustani ikasalimika. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amepigana vita vya namna hiyo kwa ajili ya Uhuru Park. Bila ushindi wa 1991 huenda pasingekuwapo bunge la kuandikwa, kwa kuwa ulumbi wa mjini, tofauti na ngano inayoweza kuhamia jiko lolote, unahitaji ardhi ambayo mtu anaweza kuketi bila kununua chai.

Kwa upande wa wakati, saa ya chakula cha mchana ina umuhimu wake. Mfanyakazi wa kima cha chini asiye na fedha za hotelini hupumzika bustanini hadi saa nane. Asiye na kazi naye hufika hapo akiwa amechoka kubisha milango ya ofisi. Hadhira kwa hiyo ipo tayari kabla ya fanani kufika, na wahubiri wa Jeevanjee wameligundua hilo tangu zamani. Walumbi wa siasa walilazimika kushindana nao, na ushindani huo ulikuwa na faida: anayepaza sauti hatua kumi kutoka kwa mhubiri hodari hana budi kuwa na la kusema.

Ukawaida ulikuwa muhimu kuliko mvuto. Vikao vingi vya wasomi hutangazwa kwa mabango, mgeni rasmi akaalikwa, picha zikapigwa. Kikao cha pili huwa na nusu ya watu na cha tatu huwa na viongozi peke yao. Mabenchi ya Jeevanjee hayakuwa na uzinduzi. Yalikuwa na watu wachache ambao wangekutwa pale siku yoyote, hata siku isiyokuwa na mada. Anayerudi baada ya wiki mbili na kuwakuta walewale, wakiendelea na hoja ileile aliyoiacha, huanza kujihesabu kuwa mmoja wao.

Hadhira inayogeuka kuwa fanani

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Mtu hawi mwanajumuiya kwa siku moja. Kwanza husimama nje ya duara, nusu mwili ukielekea barabarani ili aweze kuondoka bila kuaga. Halafu hucheka. Kicheko ni kauli ya kwanza ya mgeni, maana kwa kucheka ameonyesha upande alioegemea. Siku nyingine huuliza swali, au humsahihisha msemaji kuhusu bei ya kitu anachokiuza mwenyewe. Hilo la kusahihisha lina uzito wa pekee. Mchuuzi wa mboga anapomsahihisha mlumbi kuhusu bei, ujuzi wake umetambuliwa mbele ya watu, na kesho yake atasikilizwa hata kwa jambo lisilo la sokoni.

Katika ngano za jadi, mtambaji na hadhira hubadilishana nafasi kwa kiasi fulani tu: hadhira huitikia, huimba kiitikio, lakini hadithi ni ya mtambaji. Katika kikao cha Jeevanjee mpaka huo ulikuwa mwembamba zaidi. Mahali ambapo watu wale wale watatu ndio wasemaji siku zote, wengine hubaki watazamaji, na watazamaji hawana sababu ya kurudi kila siku. Udhaifu huu ndio unaoviua vyama vingi, vikiwamo vya Kiswahili vyuoni.

Lugha nayo ilifungua mlango. Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya mwaka 1974, na Katiba ya 2010 inakitambua, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, kuwa lugha rasmi ya Bunge. Hata hivyo Kiingereza ndicho kilichotawala mijadala ya jengo lile, na miswada huandikwa kwacho. Chini ya miti ya Jeevanjee hali ilikuwa kinyume. Kiswahili cha Nairobi, kikichanganyika na Sheng, ndicho kilichobeba sheria, bajeti na bei ya unga. Wapo watakaokikunjia uso Kiswahili hicho kwa upatanisho wake wa ngeli. Hoja ya kimsingi ni kwamba mswada ulioandikwa kwa lugha ya mawakili ulifafanuliwa pale kwa lugha ambayo kuli na mwanafunzi wa sheria waliielewa sawasawa, na kazi ya namna hiyo haina tofauti kubwa na ya mkalimani.

Jina la kikao lina kinaya kilichokusudiwa. Kujiita bunge ni kumwiga mwenye mamlaka na wakati huohuo kumuumbua: kama hawa, wasiolipwa, wanaweza kujadili njaa mchana kutwa, wale wanaolipwa wanafanya nini? Mbinu ya mwigo wa kejeli ni kongwe katika fasihi ya Kiafrika. Ila mwigo huu ulizaa utaratibu wa kweli. Palipo na spika na zamu, matusi hupata wa kuyazuia, na mwoga hupata dakika zake. Mzaha uliwapa watu kanuni ambazo huenda wangezikataa iwapo zingeletwa kama katiba ya chama.

Kamirithu

Ulinganisho na Kamirithu unasaidia kuona hatari mbili zilizo tofauti. Katika kijiji hicho cha Limuru, kaskazini-magharibi ya Nairobi, masomo ya watu wazima yaliyoanza mwaka 1976 yalizaa mchezo wa kuigiza Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani. Wanakijiji waliusikia mswada, wakaukosoa, wakarekebisha nyimbo na namna wazee wanavyozungumza, hata mchezo ukawa wao. Waliijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye viti vya watu takriban 2,000. Onyesho lilianza tarehe 2 Oktoba 1977, kibali kikafutwa tarehe 16 Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Mwaka 1982 kundi hilo lilifungiwa nje ya Jumba la Kitaifa la Maonyesho, likafanyia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na Jeevanjee. Mwezi Machi serikali ikalibomoa jukwaa la Kamirithu.

Kamirithu ilikuwa na kina ambacho Jeevanjee haikukifikia. Ilikuwa na kazi moja ya pamoja, yenye mwanzo na mwisho, na kila mtu alikuwa na sehemu yake. Lakini ilikuwa na jukwaa la kubomolewa na waandishi wa kukamatwa. Bunge la mabenchi halikuwa na jengo wala mswada. Wasemaji walipofukuzwa na polisi, au na askari wa kanjo, walitawanyika na kurejea. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1997 yaliyoondoa sharti la leseni ya mikutano, likabaki la kuwaarifu polisi, yaliwapa nafuu ya kisheria, ingawa nafuu ya karatasini na ya barabarani hazikuwa zikienda pamoja kila mara. Upande wa pili wa wepesi huo ni usahaulifu. Maandishi ya Kamirithu yapo na yanafundishwa. Maneno ya Jeevanjee yalipeperuka mengi.

Kutoka maneno hadi vitendo

Januari 2007 Kongamano la Kijamii la Dunia lilifanyika Kasarani, Nairobi. Wakenya maskini, ambao ndio waliokuwa wakizungumziwa, walitakiwa kulipa kiingilio. Bunge la Mwananchi liliandaa kongamano lake sambamba pale Jeevanjee, bila kiingilio. Tukio hilo lilikitangaza kikao nje ya mipaka ya nchi kuliko hotuba yoyote, na sababu yake inaeleweka: kanuni ambayo kikao kilikuwa kikiishi nayo kila siku, kwamba maneno hayalipiwi, ilikutana ghafla na mkutano mkubwa ulioisahau. Baadaye zikaja kampeni za bei ya unga, hasa ile ya 2011. Mazungumzo yanayozaa kitendo huwapa watu kumbukumbu ya pamoja, nayo hulisha mazungumzo yanayofuata.

Umbali ni suala jingine. Mkazi wa Kangemi au Kawangware asiye na nauli ya matatu hufika mjini kwa miguu baada ya mwendo mrefu, na akifika tayari amechoka. Kikao cha katikati ya jiji humchuja mtu kwa miguu yake hata kama hakimtozi senti. Ndiyo maana kuenea mitaani kulikuwa lazima, na vikao vyenye jina la bunge viliibuka pia katika miji kama Eldoret na Kisumu. Baadhi ya waliolelewa na mabenchi walikwenda kujenga vyombo vingine. Gacheke Gachihi, kwa mfano, alihusika katika kuanzisha Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare.

Uchujaji mkali zaidi ulikuwa wa kijinsia. Saa ya mchana bustanini ni saa ya wanaume. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani hawezi kusimama dakika arobaini akisubiri zamu, na akisimama hukutana na vicheko ambavyo si vile vya kumkaribisha. Jibu lilikuwa Bunge la Wamama, ambalo Ruth Mumbi alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Lilipeleka mazungumzo mitaani kwa wanawake wenyewe na kuleta mada ambazo duara la wanaume halikuzipa nafasi, kama huduma za uzazi. Kwa kipimo cha Mulokozi, kubadilika kwa mahali, wakati na hadhira kulibadilisha hata tungo. Mtafiti anayetaka kuona nadharia hiyo ikifanya kazi hapati mfano ulio wazi kuliko huu.

Kazi ya ukusanyaji bado iko wazi. Wangui Kimari na Jacob Rasmussen wameliandikia Bunge la Mwananchi (2010) kwa upande wa siasa, na kwa Kiingereza. Fani yenyewe, yaani namna hoja inavyofunguliwa, methali zinavyopindwa, jina la utani linavyompata msemaji na namna anavyonyamazishwa asiye na hoja, inahitaji sikio la mwanafunzi wa Kiswahili. Waliokaa kwenye mabenchi hayo miaka ya 1990 sasa ni watu wazima sana. Mahojiano nao yanaweza kuanza kabla ya muhula kwisha, kwa idhini yao na bila kuwataja wasiotaka kutajwa, kwani wengi wao walizungumza katika miaka ambayo kuzungumza kulikuwa na gharama.