Miguu Isiyotulia Usiku: Pima Damu Kabla ya Kufikiria Bangi

Swali lilikuja mwishoni mwa mazungumzo ya afya mtaani Mbotela, watu wakiwa wameanza kukusanya viti. Mama mmoja, mkaazi wa miaka mingi, alimvuta kando mhamasishaji wa afya ya jamii. Aliponiona nimesimama hapo na daftari, akaniita daktari. Nikamweleza kuwa mimi ni afisa wa habari tu wa kaunti. "Sawa mwanangu, basi andika," akasema.

Nikaandika. Kila usiku akishalala, miguu inaanza. Si maumivu hasa, ila ni kama kuna kitu kinatambaa ndani ya mifupa, na hakiachi mpaka ainuke atembee. Akitembea, kinapoa. Akirudi kitandani, kinarudi. Anatembea kati ya kitanda na mlango hadi saa tisa usiku, kisha saa kumi na moja anatakiwa awe njiani kwenda kazini Industrial Area. Mwanawe amesoma kwenye simu kwamba bangi inaponya hali hiyo, na tayari amempata mtu anayesema anauza "ile ya dawa". Mama alitaka kujua mambo mawili: je, ni kweli inaponya? Na akishikwa nayo?

La pili lina jibu fupi. Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya 1994, pamoja na marekebisho yake ya 2022, ingali inahesabu kupatikana na bangi kuwa kosa la jinai, hata kama ni ya matumizi yako mwenyewe. Sheria hiyo inaruhusu baadhi ya dawa kali, kwa mfano mofini, kutolewa na wataalamu wa afya kwa wagonjwa wanaozihitaji. Bangi haijapata nafasi hiyo katika hospitali zetu. Hakuna daktari wa kituo cha kaunti anayeweza kukuandikia, na barua ya anayekuuzia haitakukinga mahakamani.

La kwanza linahitaji nafasi zaidi, na inabidi kuanzia kwenye miguu yenyewe.

Ugonjwa wenye jina

Anachoeleza mama huyu kinafanana sana na ugonjwa wa miguu isiyotulia. Si jambo jipya. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza katika karne ya 17, na mwaka 1945 daktari wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, akauchambua kwa kina na kuupa jina hili. Ndiyo sababu wataalamu wengine huuita ugonjwa wa Willis na Ekbom. Mtaani kwetu utasikia watu wakisema ni mishipa, ni baridi ya sakafu, ni uzee, na wapo wanaonong'ona kwamba mtu amerogwa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha. Daktari huutambua kwa kukusikiliza, na anasikiliza mambo manne: kwamba unasukumwa kuisogeza miguu, kwa kawaida pamoja na hisia isiyopendeza ndani yake, kwamba hali huanza au huzidi ukiwa umetulia, kwamba hupungua ukitembea au kujinyoosha, na kwamba jioni na usiku ni mbaya kuliko asubuhi. Kisha anahakikisha si kitu kingine. Msuli unaokaza na kuwa fundo gumu la kuuma ni mkakamao, na huo ni tofauti. Nyayo zinazowaka moto au kufa ganzi mchana na usiku, hasa kwa mwenye kisukari, huenda ni mishipa ya fahamu iliyoathirika. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Anayekesha hivi si yeye peke yake anayeumia. Mlinzi wa usiku hawezi kukaa kitini. Abiria wa safari ndefu anasimama ndani ya basi na kuonekana msumbufu. Dereva asiyelala wiki nzima ni hatari barabarani kama dereva mlevi.

Madini ya chuma

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo penye msaada wa karibu. Ubongo unahitaji madini ya chuma ili utengeneze na kutumia vizuri kemikali iitwayo dopamini, inayosaidia kuongoza mijongeo ya mwili. Akiba ya chuma ikishuka, miguu isiyotulia hujitokeza au huzidi. Wanaopungukiwa chuma kwa urahisi ni wanawake wenye hedhi nzito, wajawazito, wanaochangia damu mara kwa mara, na wenye vidonda vya tumbo vinavyovuja damu polepole.

Watu wengi hukosea hapa. Wanatobolewa kidole, wanaambiwa damu iko sawa, wanarudi nyumbani. Kipimo hicho huonyesha kiasi cha himoglobini, si akiba. Mtu anaweza kuwa na himoglobini ya kawaida na ghala lake la chuma likawa karibu tupu. Kipimo cha akiba kinaitwa feritini. Kwa wagonjwa wa miguu isiyotulia, wataalamu huanza kufikiria kuongeza chuma feritini ikiwa 75 au chini yake, kiwango ambacho kwa mtu mwingine kingepita bila neno. Ikiwa una homa au maambukizi, mwambie daktari, kwa kuwa feritini hupanda wakati huo na kuficha upungufu.

Kuna jambo jingine linalomhusu mama wetu moja kwa moja. Amepita umri wa hedhi. Mwanamke wa umri huo, au mwanamume wa umri wowote, akikutwa na upungufu wa chuma, daktari hapaswi kumpa vidonge na kumwaga tu. Lazima iulizwe damu inapotelea wapi, kwa sababu huenda ni kidonda cha tumbo, na wakati mwingine ni uvimbe kwenye utumbo unaotakiwa kugunduliwa mapema. Bangi hata ingemlaza usingizi, swali hilo lingebaki limelala naye.

Nilipomuuliza anatumia dawa gani, alifungua mkoba akatoa Piriton. Humeza mbili kila usiku apate usingizi. Inauma kusema, lakini dawa za aina hiyo, zile za mzio na mafua zinazoleta usingizi, ni miongoni mwa zinazojulikana kuzidisha miguu isiyotulia. Plasil ya kuzuia kutapika inaweza kufanya hivyo pia, pamoja na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo na za magonjwa ya akili. Hizi za mwisho usiziache mwenyewe kamwe. Mweleze aliyekuandikia naye ataamua kama zitabadilishwa.

Wajawazito hupatwa na hali hii zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na wengi hupona baada ya kujifungua. Vidonge vya chuma na foliki hutolewa kliniki ya wajawazito, navyo si vya kuweka kabatini. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu nao huathirika sana, na wengi huvumilia bila kusema kwa kudhani ni sehemu ya mashine. Mwambie muuguzi wa kitengo chako.

Bangi imethibitishwa kwa kiasi gani?

Turudi kwa alichosoma kijana kwenye simu. Hakutunga. Mwaka 2017 madaktari wawili wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha taarifa ya wagonjwa 6 wa miguu isiyotulia waliosema walipata nafuu kubwa kwa bangi. Mwaka 2020 ikafuata taarifa ya wagonjwa wengine 12. Habari nyingi zinazozunguka mitandaoni zinatoka hapo.

Lakini hesabu vizuri: ni watu 18. Walikuwa wameamua wenyewe kutumia bangi, na hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Katika ugonjwa huu ulinganisho ni muhimu mno, kwani majaribio ya dawa zake yameonyesha mara kwa mara kwamba takriban theluthi ya wanaopewa kidonge kisicho na dawa yoyote husema wamepata nafuu. Nchini Brazil jaribio lililolinganisha CBD na kidonge kitupu kwa wagonjwa wa Parkinson wenye miguu isiyotulia halikuona tofauti. (CBD hapa si katikati ya jiji. Ni kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, tofauti na THC inayolevya.) Kwa maoni yangu, dalili za Bordeaux zinastahili kufanyiwa utafiti mkubwa. Hazitoshi kumfanya mtu akakinunue kitu gizani nyuma ya kituo cha matatu.

Ni kweli pia kwamba dunia inabadilika. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa 1961, hatua iliyotambua kwamba huenda ina manufaa ya tiba. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 dawa ya maji ya CBD, Epidiolex, kwa aina adimu za kifafa. Hapa nyumbani, marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alipendekeza mwaka huo huo mswada wa kuhalalisha bangi, ikiwemo kwa matibabu. Alifariki Julai 2019 na mswada haukuwa sheria. Mjadala wa kisiasa uko huru kuendelea. Ila tazama tofauti: Epidiolex ilipimwa kwa wagonjwa kwa ulinganisho, kila mililita inajulikana ina nini, na madhara yake yameandikwa. Kinachouzwa mtaani hakina kipimo. Hujui THC ni kiasi gani, wala kimechanganywa na nini. Mafuta yanayotangazwa mitandaoni nayo yana shida hiyo hiyo. THC inaweza kuleta wasiwasi mkali na kuona mambo yasiyokuwepo, hasa kwa vijana na walio na ugonjwa wa akili katika familia. Aliyezoea kuitumia kila usiku, akiacha, usingizi humpotea zaidi kwa muda. Ikiwa tayari unatumia na unataka kuacha, piga 1192, nambari ya bure ya NACADA.

Matibabu yaliyopo

Ikiwa chuma kiko chini, vidonge vya chuma ndio mwanzo, na vinahitaji wiki kadhaa, mara nyingi hadi miezi mitatu. Usivimeze na chai. Najua hili ni gumu Nairobi, lakini chai na maziwa huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo acha saa moja au mbili kati yake. Chungwa au nyanya husaidia. Maini, omena, ndengu na terere ni chakula kizuri cha kuongeza chuma, ingawa akiba iliyoisha kabisa haijai kwa sahani pekee. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwani vikimezwa vingi huua.

Chuma kikiwa sawa na hali bado ni nzito, daktari anaweza kufikiria gabapentini au pregabalini. Dawa za zamani zaidi, pramipeksoli na ropiniroli, husaidia mwanzoni lakini baada ya muda zinaweza kuuzidisha ugonjwa wenyewe, ukaanza mapema zaidi jioni. Zina pia madhara ya ajabu: baadhi ya watumiaji hushikwa na hamu ya kucheza kamari wasiyoweza kuizuia. Katika mtaa wenye duka la kubashiri kila kona, familia inafaa ijue hilo. Zote hizi ni za cheti cha daktari, si za kuomba dirishani kwa jina.

Anza na kituo kilicho karibu. Wakaazi wa Mbotela wana Makadara na Jericho. Kama maabara ya hapo haipimi feritini, omba rufaa kwenda Mama Lucy Kibaki au Mbagathi. Beba dawa zote unazotumia, hata za kienyeji na za mafua, na uandike kwa siku saba saa miguu inapoanza na inapotulia.

Mama wa Mbotela ameacha Piriton na anaandika saa zake nyuma ya kalenda ya kanisa. Damu imechukuliwa, matokeo ya feritini bado. Kijana wake ndiye aliyempeleka.