Bima ya dawa Marekani: Mgonjwa hulipa bei ya nani?

Huenda una mwana au ndugu aishiye Marekani ambaye hukulalamikia kwa simu kwamba ana bima ya afya na bado dawa za kisukari zinamfilisi. Usidhani anatia chumvi.

Shida huanzia kwenye bei. Kampuni ya dawa hutangaza bei moja, kisha baadaye huirudishia bima sehemu ya fedha hizo ili dawa yake iwe miongoni mwa zile zinazolipiwa. Mapatano hayo ni ya siri, na katikati yao wamo mawakala ambao mara nyingine hubaki na fungu lao.

Hebu tupige hesabu. Tuseme dawa imetangazwa kwa dola 300 na marejesho ni dola 150. Mgonjwa anayetakiwa kuchangia asilimia 25 hulipa dola 75, yaani robo ya 300. Kumbe bima imebakiwa na gharama ya dola 75 tu! Mbaya zaidi ni mwanzo wa mwaka. Bima nyingi humtaka mwanachama ajilipie kwanza hadi afikishe kiasi fulani. Basi mgonjwa hutoa dola 300 zote, na zile 150 humrudia mtu ambaye hajatoa hata senti.

Wenye bima hujitetea kwamba marejesho hupunguza ada za wanachama wote. Sawa, lakini hapo mgonjwa ndiye anayemlipia mzima, nasi tulidhani bima ni kinyume chake.

Mwaka 2021 jimbo la West Virginia lilipitisha sheria ya kutaka marejesho yamfae mgonjwa papo hapo dukani. Sheria ya taifa ya mwaka 2022 ilishika njia nyingine: kwa walio katika Medicare, bima ya serikali ambayo wengi wake ni wazee wa miaka 65 na zaidi, insulini haizidi dola 35 kwa mwezi tangu 2023. Mwaka 2025 mchango wao wa dawa ukawekewa kikomo cha dola 2,000. Aliyekatiwa bima na mwajiri hakuguswa na vikomo hivyo.

Kwa hivyo mwambie jamaa yako amuulize mwuza dawa bei ya taslimu, bila bima. Wakati mwingine huwa nafuu. Zamani mikataba mingine ilimziba mwuza dawa mdomo, lakini sheria ya Oktoba 2018 ilikataza hayo. Aulize pia kama fedha hizo zitahesabiwa katika kile kiasi cha kujilipia, kwani huenda zisihesabiwe.