Kurudi Kijijini: Mbegu Kabla ya Matofali

Anayerudi Masisi au Rutshuru, mashariki mwa Kongo, baada ya vita hukuta mabati yameng'olewa na milango imegeuzwa kuni. Hamu ya kwanza ni kujenga. Lakini kulala chini ya turubai kuvumiliwe kwanza, maana msimu haumngoji mtu. Kivu ya Kaskazini watu hupanda kuanzia Septemba, kisha tena Februari na Machi. Mvua hizo zikikupita, utajenga huku unanunua unga.

Hata hivyo usishike jembe kabla ya kuuliza. Waliobaki wanajua askari walipiga kambi wapi na mahandaki yako upande gani. Ukiona guruneti au kombora, usiliguse wala usilitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, zuia wengine wasipite, kisha toa taarifa. Shamba lililoota magugu usilichome moto, kwa kuwa kilichojificha humo kinaweza kulipuka. Watoto waonywe mara kwa mara, hasa wale wanaookota vyuma chakavu.

Maharagwe huvunwa ndani ya miezi mitatu hivi. Viazi vitamu hukupa matembele mapema zaidi. Muhogo unaweza kuchukua mwaka, kwa hiyo uingie ardhini mapema, na sombe, yaani majani yake, ichumwe kwa kiasi ili mizizi isidhoofu. Usikate vipando kwenye shina lenye majani ya mabaka ya njano yaliyojikunja: huo ni ugonjwa wa batobato, na utaueneza shamba zima. Kamati ya kijiji ikiomba mbegu za msaada, iombe na chakula, la sivyo mbegu zitaishia chunguni. Zile zilizopakwa dawa ya rangi ni sumu.

Mipaka ndiyo huzua ugomvi mpya. Sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi ya Kongo kuwa mali ya serikali, na familia nyingi hazina hati. Pitieni mipaka pamoja na wazee, majirani na mjumbe wa mwami (chifu wa jadi), mwandike mlichokubaliana, na wote watie saini. Mjane awepo mwenyewe, asisemewe na shemeji.

Kisima kilichoachwa kisafishwe na kutiwa klorini kabla ya kutumika, na choo kikae walau mita 30 kutoka hapo. Kipindupindu si mgeni Kivu.

Ng'ombe wasubiri. Anza na kuku, au sungura na dende (simbilisi) ambao hula majani; wote huzaana upesi, na ikibidi kukimbia tena, huingia kwenye kikapu.